Viti Vitupu vya Kampala

Jumatatu, 4 Agosti, Butembo

Sikuamini masikio yangu! Familia imekaa kikao, na aliyechaguliwa kwenda Kampala kuleta gauni la harusi la dada yangu Kahongya ni Ananie. Shemeji yetu Ananie! Eti kwa sababu amefika huko mara kumi na moja. Nikasimama. Nikasema mimi ndugu wa damu nitakwenda, tena kwa nusu ya nauli yake. Mama akatazama juu kwa Mungu. Kahongya akanikumbusha polepole kwamba harusi ni Jumamosi na gauni lingine hana. Nimemwapia.

Ananie akanipa masharti matatu ya teksi za ugenini. Patana bei kabla ya kupanda. Piga picha namba ya gari. Mzigo ukae mapajani. Mimi! Nimepanda teksi za Butembo tangu kipaimara. Anifundishe nini?

Jumatano, 6 Agosti, Kampala

Shilingi elfu arobaini! Kutoka kwenye basi mpaka hotelini! Nikamuuliza dereva kama ananiuzia gari. Akasema gari lote ni langu peke yangu. Yaani nilipie viti vitupu? Kwetu gari dogo linabeba sita, wawili mbele, wanne nyuma, na kila mtu analipia alipokalia.

Haya. Kama gari ni langu, basi ni langu. Nikashusha kioo, nikaita abiria. Wakaingia wanne, nikawatoza. Dereva alifungua mdomo, na mpaka tunafika hajaufunga. Nauli yangu: sifuri. Pole, Ananie. Mara kumi na moja!

Alhamisi, 7 Agosti, Kampala

Gauni nimelichukua asubuhi. Zuri mno, nilikaribia kulia. Kasoro moja: Ananie aliwapigia simu wenye duka, wakaandika jina lake na namba yake juu ya katoni. Langu halipo. Roho mbaya!

Teksi nyingine, mpango uleule. Dereva wa leo alitaka nauli yote kwanza, nikalipa. Wakaingia watatu. Mmoja ni Mama Amina, mfanyabiashara wa Beni. Huyo nilimtoza nafasi mbili kwa ajili ya vitenge vyake. Katoni ilikuwa inakula nafasi ya mtu, nikaipeleka nyuma kwenye mizigo. Bado nafasi moja. Nikashuka kuita.

Nimeita dakika kumi. Kugeuka, gari hakuna! Abiria wangu mwenyewe wamechoka kungoja, wameondoka na dereva wangu!

Picha ya namba sina. Ni Toyota nyeupe. Kampala nzima ni Toyota nyeupe. Nimekaa chini. Kahongya ataolewa amevaa nini?

Ijumaa, 8 Agosti, Beni

Njiani nilitunga uongo mzuri: gauni limezuiwa na forodha. Nashuka Beni, nani amesimama? Ananie! Nikaanza habari ya forodha palepale, na machozi juu yake. Nilipofika kwenye mihuri ndipo nikaona katoni miguuni mwake. Na kando yake, Mama Amina! Kumbe aliposhuka aliikuta haina mwenyewe, akasoma jina, akampigia Ananie aje kuipokea.

Mama Amina alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Donc njo weye, mutu wa teksi! Ile nafasi yangu ya pili, unirudishie."

Nikarudisha. Ananie aliikalisha katoni mapajani mpaka Butembo. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Agosti, Butembo

Kahongya amenisamehe! Amenipa kazi: kushika pete na kukaa mbele kwenye gari lake la harusi. "Malachie, hapana kufanya kitu ingine," aliniambia. "Ikala tu."

Nikakaa. Lakini nyuma alikuwa yeye na gauni lake tu. Viti viwili vitupu! Hapa mtaani Rughenda nikamwona jirani yetu bibi Maliro anakwenda misa hiyohiyo kwa miguu. Nikamsimamisha dereva, bibi akaingia. Kahongya aliita jina langu, nafikiri kwa furaha. Ikabaki nafasi moja. Nikashuka kuita.

Kugeuka, gari hakuna! Dada yangu wa damu!

Naandika nimesimama kando ya barabara. Kengele za kanisa zinalia. Pete ziko mfukoni mwangu. Mtu wa taxi-moto amesimama na pikipiki yake, anauliza kama naenda kanisani. Nimemwambia angoje kwanza, tupate mtu wa pili.