Mapokezi Rasmi ya Port Bell

Kamati ya Ukarimu wa Majini, ambayo mimi ni makamu mwenyekiti wake, ina furaha kuutangazia umma kwamba mapokezi ya wakimbizi wa Kongo, waliokuja Port Bell kwa boti kutoka Bukoba, yalifana mno. Dosari ilikuwa moja tu: boti ilifika kabla ya wakati.

Ilifika asubuhi, imefurika watu. Mgeni rasmi alikuwa bado Bukoto, mjini Kampala, kwa kinyozi. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Sylvanus, akaamuru boti isitie gati. Mtu hawezi kuwasili kabla hajapokelewa, alieleza. Huo ungekuwa uvamizi.

Basi wakaelea. Jua likawachoma, watoto wakalia, bendi yetu ikaongeza sauti.

Anselme, fundi cherehani wa Kyebando, alinifuata chini ya hema, chupa ya uji mkononi. Hakuwa amemwona mkewe tangu vita viwatenganishe.

"Mukubwa, bibi yangu Emérence iko mu ile boti. Anasikia uchungu wa kuzaa. Muache ashuke."

"Ndugu, uchungu haumo kwenye ratiba," nilimjibu kwa upole. "Kuna ngoma, sala, kisha hotuba."

Akaenda ukingoni, akawa anamwita mkewe kwa jina, naye anamjibu kutoka majini. Waliivuruga bendi kabisa.

Mwenyekiti, mtu wa huruma, akaamua kuwapelekea hotuba hukohuko. Akapanda mtumbwi, akasimama wima, akatanua mikono aseme "Karibuni." Mtumbwi ukapinduka.

Wakimbizi walimvuta botini. Viatu na kitambulisho vilibaki ziwani. Kwa kuwa alitetemeka, walimvua suti wakamfunga kitenge. Nahodha, akihofia mwingine asije akazama, akatia gati bila kibali. Anselme akaruka ndani, akatoka amembeba mkewe. Mwenye boda akawapakia wote wawili bila kuuliza nauli.

Waliobaki walipangwa mstari kupanda lori la kambini. Mlinzi wetu mpya, Ojera, akamsimamisha mwanamume wa kitenge.

"Mzee, kitambulisho iko wapi?"

"Mimi ndiye mwenyekiti wa Kamati!"

"Ssebo, hakuna kitambulisho, unarudi kwa boti. Ni amri ya mwenyekiti."

Mheshimiwa akanitazama. Kwa bahati mbaya, makamu hana mamlaka ya kumtambua mkubwa wake. Aidha, mwenyekiti asipokuwepo, makamu hukaimu. Nikafuta miwani.

Ojera alikwisha kumshika mkono, ndipo Estelle, mama wa makamo, akatoka mstarini.

"Mumuache huyu baba. Ni mutu wetu. Tumeteseka naye mu mayi."

Wenzake wakaitikia. Ojera akaridhika. Mheshimiwa akapandishwa lorini, akabanwa kati ya magunia. Estelle akamkatia nusu ya mkate wake. Aliula huku analia.

Emérence alijifungua salama mtoto wa kike, katika zahanati ya Luzira. Nilikwenda na bendi kumpokea mtoto rasmi. Anselme akatusimamisha mlangoni.

"Mukubwa, mungojee kwanza. Mama amelala."

Tuko hapa nje, juani. Kamati inaendelea kufuatilia.