Malalamiko Dhidi ya Sukari ya Mama Yangu

Kwa Daktari Raafat,
Mwenyekiti wa Kamati ya Vijiti vya Kupimia Sukari,
Zahanati ya Bima, nyuma ya soko la vitunguu,
Beni Suef.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Naomba radhi kukuandikia ilhali meza yangu iko hatua sita kutoka mlango wako. Nilijaribu kuja mwenyewe mara tatu, na mara zote nilifika mlangoni nikarudi kunywa maji. Mimi ni Wagdi, karani anayeita majina ya foleni siku ya Kamati. Ninayemlalamikia ni mgonjwa nambari 417, Hajati Inshirah, ambaye pia ni mama yangu mzazi, jambo ambalo halikutokana na uamuzi wangu.

Naomba ieleweke mapema kwamba siilalamikii Kamati. Kanuni iko wazi, na niliibandika ukutani kwa mikono yangu: kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mgonjwa hupimwa kidole mbele ya Kamati. Anayezidi 250 sukari yake ni mbaya, hupewa vijiti mia moja akajipime nyumbani. Aliye chini ya 150 ametulia, hana haja ya kujipima, hapewi kitu. Wagonjwa wengine wote wameielewa. Ndiyo maana siku hiyo foleni yetu huanzia ng'ambo ya barabara, kwa Ami Gaber muuza juisi ya miwa, naye huwauliza tu, "Ya kiu au ya Kamati?" Ya Kamati huja kwenye glasi kubwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama hanywi. Mwezi uliopita nilimsihi pale dukani, na Mama Shadya, jirani yetu wa ghorofa ya chini, akamshikia glasi: "Funga macho, shoga, meza kama dawa!" Mama akamjibu, "Shoga yako nani? Mwaka mzima nakula maharage bila mkate, chai bila sukari, keki ya basbusa naitazama kama picha ya marehemu. Leo ninywe sumu ili nipewe kijiti cha kuniambia nimekunywa sumu?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa kazini.

2. Alipopimwa ikatoka 124. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, uliinuka kitini ukamwambia, "Mashallah, Hajati, hii ni sukari ya bibi harusi!" kisha ukalipiga mstari jina lake. Mama alifurahi mpaka tulipofika kwenye ngazi, ndipo akauliza vijiti viko wapi.

3. Mama Shadya siku hiyohiyo alipata 388, na vijiti mia moja. Yeye hajipimi. Anasema hapendi kuchomwa, na akitaka habari mbaya anayo televisheni. Vijiti aliwagawia dada zake wa Fayoum kama nyama ya sikukuu, akabakiza vichache kwenye kopo la biskuti. Humpa mama kimoja siku akikosa mtu wa kumsimulia ubaya wa mkwe wake. Mama amesikia mengi mno juu ya mkwe huyo.

4. Mama hujidunga insulini kila asubuhi, na bila kijiti hukadiria tu. Huuliza miguu yake kama inawaka moto. Siku kumi zilizopita miguu ilimdanganya: nilimkuta ameketi sakafuni jikoni, sukari imemshuka, jasho limemlowesha, birika limekauka juu ya moto, anamwambia marehemu baba afunge dirisha. Nilimpaka asali kwenye ufizi kwa kidole mpaka akanitambua. Nilichelewa kazini dakika arobaini na fomu nimejaza. Penye "sababu" niliandika: Mgonjwa ametulia.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Wanawake wa foleni wameanza kumwuliza mama anakula nini, naye anawaambia. Wakimfuata, watatulia. Wakitulia wote, hakuna atakayestahili vijiti, navyo vitarundikana stoo mpaka viharibike. Kamati itaketi mbele ya viti vitupu, Ami Gaber atafunga duka, na karani wa kuita majina ataita nani? Nina miezi saba tu kazini, Mheshimiwa.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, moja kati ya haya matatu. Ama mama aamriwe, kwa barua yenye mhuri, kunywa glasi ya Kamati mbele ya mashahidi. Ama aruhusiwe kuwakilishwa na kidole cha Mama Shadya, ambacho hakijawahi kushuka chini ya 300 hata mwenyewe akiwa amelala. Ama ile 124 ihesabiwe kuwa ukaidi, na ukaidi uingizwe kwenye orodha ya magonjwa.

Nisalimie wanakamati wote kwa vyeo vyao, Bi Tahani muuguzi, na mlinzi wa lango, ambaye huniitikia salamu.

Nabaki, nikiruhusiwa kubaki, mtumishi wako mtiifu,

Wagdi Abdel-Tawwab
Karani wa Majina

Nyongeza: Barua hii ilikaa nyumbani siku nne ikisubiri ujasiri wangu, na mama akaisoma. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umekonda." Leo asubuhi, Jumatatu ya Kamati, alivuka barabara peke yake akanywa glasi mbili. Ikatoka 391. Ulifurahi, Mheshimiwa, ukamwandikia vijiti mia moja. Na kwa kuwa 391 ni hatari, ukamwongezea insulini karibu mara mbili, Bi Tahani akamdunga palepale. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitaka kusema kitu, nikaita jina lililofuata.

Stoo wanasema vijiti vitatoka baada ya sikukuu.

Sasa ni alasiri, naandika tukiwa jikoni. Mama anatoka jasho, anasema ni joto tu. Nimeshika chupa ya asali, na sijui kama sukari yake ni 60 au ni 400. Mama Shadya alikuwa amebakiza kijiti kimoja kwenye lile kopo, na nasikia kandambili zake zikipanda ngazi. Maombi yangu yote matatu nayaondoa.

Ikitoka 124, tafadhali, Kamati isiambiwe.