Jedwali la Mnato Nililolipima kwa Rula

Jumatatu, 18 Machi
Sfax. Ramadhani ya saba. Mkuu wa chumba cha vipimo anastaafu. Profesa Lamjed ametangaza kwamba kiti chake atapewa atakayeleta, kabla ya Ijumaa saa nne, jedwali sahihi la mnato wa michanganyiko ya maji na alkoholi. Washindani ni wawili: mimi, mwenye miaka ishirini na sita kazini, na Neziha, mwenye miaka minne na miwani. Kiti ni changu. Nimekwisha kuchagua ukuta wa picha yangu.

Kazi yenyewe ni mateso. Vimiminika kumi na kimoja, kuanzia maji matupu hadi alkoholi tupu. Kila kimoja hukaa katika beseni la maji ya nyuzi ishirini na tano mpaka joto litulie, kisha huteremka katika mrija mwembamba wa kioo huku mtu akihesabu sekunde. Kinachokawia ndicho chenye mnato mkubwa. Mara tano kila kimoja! Mwezi huu tunatoka saa nane.

Jumanne, 19 Machi
Nimepima maji: 0.89. Nimepima alkoholi: 1.08. Kisha maarifa yakanijia. Vya katikati havina budi kuwa katikati. Chai ya moto ukiitia maji baridi hupata uvuguvugu, haizidi moto. Nikachukua rula, nikaunganisha nukta mbili, nikasoma tisa zilizobaki. Dakika sita. Nusu kwa nusu: 0.98.

Neziha akauliza mbona naondoka. Nikasema harufu ya alkoholi inanitia shaka na saumu yangu. Akanijibu, "Mzee wangu, huo mrija unapimiwa, haunywewi." Nimemsamehe kwa heshima ya mwezi. Sokoni nimepata pweza kabla ya foleni.

Jumatano, 20 Machi
Sikukuu ya Uhuru. Maabara imefungwa. Nimelinakili jedwali kwa wino na kuandika tarehe ya leo. Mke wangu Zohra akauliza kama nina hakika. Nikamweleza habari ya chai. Akasema yeye akikanda unga na maji, donge huwa zito kuliko maji na gumu kuliko unga. Nikamwambia jikoni si maabara. Hakuuliza chai hupikwa wapi.

Alhamisi, 21 Machi
Neziha alipokwenda kuswali adhuhuri, nimechungulia daftari lake. Nusu kwa nusu ameandika 2.4. Zaidi ya mara mbili ya maji, na ya alkoholi vilevile! Maskini, njaa imemharibia hesabu. Muungwana angemwonya kwa siri. Mimi nitamwonya mbele ya Profesa, ili wengine nao wafaidike.

Ijumaa, 22 Machi
Nimewasilisha wa kwanza. Neziha alipoleta lake, nikasimama, nikanena dakika kumi juu ya uaminifu katika vipimo. Chai niliitaja mara mbili. Profesa akauliza kwa upole nusu kwa nusu niliipima mara ngapi. Nikasema tano. Akauliza niliingiaje chumbani siku ya Uhuru. Nikakohoa. Akanipa mrija na saa.

Maji yalishuka kwa sekunde mia na mbili. Joto la mchanganyiko lilipotulia, nikauteremsha. Mia. Mia mbili. Kwenye mia mbili na hamsini Neziha akauliza, "Mzee, chai haijapoa tu?" Ulimalizika karibu na mia tatu. Profesa akasema maji na alkoholi vikikutana hung'ang'aniana kuliko kila kimoja peke yake, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanalijua hilo. Neziha ndiye mkuu.

Jumamosi, 23 Machi
Mkuu mpya hana kinyongo. Amenipa nafasi ya kujisafisha: nipime mvutano wa uso wa michanganyiko ileile, yaani nguvu inayolifanya tone lijishike lisitawanyike. Akaniambia, "Pima taratibu, mzee, hakuna anayekukimbiza." Akanipa wiki mbili nzima.

Usiku wa kuamkia leo sikulala, nikilitafakari kosa langu kwa unyofu. Sasa nimelielewa. Rula imenyooka mno. Leo nimepima maji, nimepima alkoholi, na katikati nimechora kilima kizuri kwa ukingo wa sahani ya Zohra. Jedwali limekamilika, na supu ya futari bado haijachemka.