Kumaliza Dozi ni Ulafi

"Wataalamu wanasema dawa zimeanza kushindwa," Wembe alisoma kwenye simu yake, mkono wa pili umeshika kikombe. "Vijidudu vimezizoea. Tusipoangalia, mtu atakwaruzwa na msumari na atakufa huku kabati limejaa dawa."

"Vimezizoea vipi?" Shangazi akauliza huku akimimina kahawa. "Mimi mume wangu nimekaa naye miaka thelathini na sijamzoea."

"Uongo mtupu," akasema Dokta. "Hao wanataka tununue mpya."

Dokta lazima nimtambulishe mapema, kabla hajakudanganya. Udaktari hakusoma. Alilinda geti la hospitali miaka kumi na tisa, akastaafu na filimbi yake, na tangu hapo anatutibu sisi. Ukimuuliza elimu kaipata wapi, atakwambia magonjwa yote yaliyoingia hospitali yalipita mbele yake, na mengine yalimsalimia. Wembe ni kinyozi, na benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda chake. Shangazi ndiye mwenye jiko na birika. Sindano ni fundi cherehani, mashine yake iko barazani, hatua tatu tu kutoka hapo. Mimi fundi viatu, wananiita Gundi, na siku hiyo nilikuwa na jino linaniuma, kwa hiyo sikuwa na subira na mtu yeyote.

Na chini ya benchi kulikuwa na kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la biskuti. Mtu wa kijiweni akiumwa, akapewa dawa hospitali au akajinunulia dukani, alikuwa anameza mpaka apate nafuu, halafu zinazobaki anazileta koponi. Mwenzake akiumwa, Dokta anafungua na kumchagulia kwa rangi. Sheria ilikuwa moja tu: kumaliza dozi ni ulafi. Wembe aliwahi kumaliza vidonge vyake vyote vya kifua na tulimnunia wiki nzima. Shangazi alikuwa anampa kahawa ya masimbi, mashapo matupu ya chini ya birika, mpaka alipoomba radhi mbele ya watu.

"Sasa vijidudu vizoee dawa, vina akili?" Dokta akaendelea. "Vimesoma wapi?"

"Imeandikwa hapa. Ukivipiga nusunusu ukaviacha, vile dhaifu vinakufa, vile vikorofi vinabaki. Vinazaana. Vitoto vyote vinakuwa vikorofi."

"Kama ukoo wa baba mkwe wako," nikasema.

"Gundi, jino likikuuma usinitafune mimi."

"Mimi nakubaliana na simu," ikasema sauti kutoka barazani.

Tukageuka. Alikuwa Sindano, amekaa nyuma ya mashine, hashoni. Kidole gumba cha mkono wa kulia alikuwa amekizungushia kitambaa. Wiki tatu nyuma sindano ya mashine ilikitoboa upande hadi upande, na kila tulipomuuliza alisema kinaelekea pazuri. Kilikuwa kinaelekea kunenepa. Mbele yake mashati yetu yalilala, yamekatwa, hayajaunganishwa. Binti wa Shangazi alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, na kijiwe kizima tulipanga kuvaa sare.

"Unakubaliana na nini?" Dokta akawa mkali. "Umekula rangi nne! Hakuna mgonjwa niliyemhudumia kama wewe."

"Ndiyo maana nakubaliana."

"Nilikupa nyekundu na nyeusi, ulipona au hukupona?"

"Nilipona siku mbili. Nikarudisha zilizobaki, kama sheria inavyosema. Siku ya tatu kikarudi kuuma, ukanipa za njano."

"Si ndiyo huduma hiyo!"

Kabla Sindano hajajibu akatokea shemeji yake, mdogo wa mke wake. Ni nesi. Wiki ile alikuwa amekiona kile kidole mezani kwao, akamburuta mpaka hospitali, wakachukua usaha kupeleka maabara. Sasa alikuja na sare zake za kazi, karatasi mkononi, mwendo wa mtu asiyekuja kukaa.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Kahawa?"

"Asante, Shangazi, sinywi. Shemeji, majibu yametoka. Njoo pembeni."

"Yasome hapahapa," akasema Sindano. "Hawa ndugu zangu. Tunakula dawa pamoja."

Nesi akatutazama mmoja mmoja. "Mnakula nini pamoja?"

Dokta akalisukuma kopo ndani zaidi kwa kisigino. Kopo likalia kama njuga.

Nesi akakunjua karatasi. "Haya. Maabara wamevikuza vijidudu vya kidole chako, wakavijaribishia dawa nane. Ya kwanza ni zile kapsuli nyekundu na nyeusi ulizonitajia. Haifanyi kazi."

"Hizo nilileta mimi," Wembe akanong'ona. "Zilibaki nilipopona mafua."

"Mafua? Dawa hiyo na mafua hazijuani kabisa."

"Lakini nilipona siku ya nne!"

"Ungepona siku ya nne hata ungelamba ukuta. Ya pili, zile za njano. Haifanyi kazi."

Shangazi akajikuta ana kazi kubwa kwenye jiko. "Zile zilikuwa za mama mkwe wangu," akasema, uso wote kaugeuzia jikoni. "Za mkojo. Alisema zinamvuruga tumbo."

"Ya tatu, bluu na nyeupe. Haifanyi kazi."

Macho yote yakaja kwangu. "Jino," nikasema. "La mwaka juzi."

"Mwaka juzi? Hukuangalia tarehe ya kuharibika?"

"Tarehe ilikuwa kwenye boksi. Boksi nililiweka ndani ya soli ya kiatu cha mteja."

"Ya nne. Vidonge vyeupe, vikubwa."

Tukatazamana. Mimi sikuleta, Wembe alitikisa kichwa, Shangazi akainua mikono miwili. Dokta akakohoa.

"Vile vilikuwa vya jirani yangu," akasema. "Na alipona vizuri tu."

"Jirani alipona?"

"Mbuzi wake."

Sindano akasimama. "Dokta. Umenipa dawa ya mbuzi?"

"Nusu! Nusu kidonge! Nilizingatia uzito!"

Nilicheka mpaka jino likanikumbusha. Wembe alikuwa amelalia bega langu, machozi yanamtoka. Nesi peke yake hakucheka, na taratibu tukaanza kuona kwamba hajacheka.

"Dawa nane," akasema, "sita zimegoma. Zimebaki mbili, zote za kuingiza kwenye mshipa. Shemeji, daktari anataka uingie wodini leo, siku kumi. Ukichelewa vijidudu vitafika kwenye mfupa, na vikifika kwenye mfupa hicho kidole kinakatwa."

Sindano akakitazama kidole chake, halafu akayatazama mashati. "Kitambaa nakisukuma kwa hiki," akasema, kama vile tulikuwa hatujui. "Miaka ishirini na mbili nakisukuma kwa hiki. Kikikatwa nitashona na nini, shemeji?"

Niliogopa, sifichi. Niliona aibu pia, maana zile za bluu nilizileta mimi kwa mkono wangu na nilishukuriwa. Dokta akaivuta skafu yake juu shingoni.

Nesi akamgeukia. "Na wewe mzee, skafu ya nini na jua lote hili?"

"Kikohozi, mwanangu."

"Ifungue."

"Kikohozi kitapata baridi."

Nesi akaifungua mwenyewe. Pale shingoni, chini ya sikio, palikuwa na jipu jekundu, limeiva. Wembe, ambaye siku tatu zile alikuwa amefunga shati mpaka kifungo cha juu kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni, akaanza kukifungua kifungo mwenyewe bila kuambiwa. Naye alikuwa nalo, palepale.

"Mmegusana wapi shingoni?" Nesi akauliza.

Sote tukaitazama futi ya kupimia iliyokuwa inaning'inia shingoni kwa Sindano.

"Nilikuwa nawapima kola," Sindano akasema kwa sauti ndogo. "Wiki iliyopita."

"Kwa kidole hicho?"

"Kitambaa nilikifungua kwanza. Kilikuwa kinanizuia kusoma namba."

"Ukanawa mikono kati ya shingo na shingo?"

"Shemeji, mimi ni fundi cherehani!"

Mimi nilipona kwa sababu ya uvivu wa Sindano. Shingo yangu alisema anaijua tangu zamani.

Shangazi akaweka birika chini. "Ngoja kwanza. Na bwana harusi ulimpima?"

"Nilimpima wa mwisho."

"Uuuwi! Shingo ya mkwe wangu!" Akaanza kutafuta simu yake ndani ya kanga, kwenye kapu, mwisho akaikuta mkononi.

Nesi akaichukua, akampigia mwenyewe huyo mkwe, akamwambia asikamue jipu lolote litakalotokea, aende hospitali. Akawaambia Dokta na Wembe wamfuate leo hiihii. Halafu akanyoosha mkono. "Nipeni na hilo kopo."

"Ni mali ya umma," Dokta akajaribu.

"Mzee."

Dokta akainama, akalitoa. Nesi akaliweka juu ya benchi, karibu na mimi, akafungua kifuniko. Zilikuwa za kila rangi, nyingine zimeshikana kama peremende za mwaka uliopita. Alitikisa kichwa, akageuka kumfunga Sindano mkono vizuri. Sijui shetani gani alinipitia. Jino lilikuwa linapiga, kopo lilikuwa wazi, na zile za bluu na nyeupe zilikuwa za kwangu tangu mwanzo. Mkono ukaenda ukarudi. Hakuna aliyeniona.

Sindano akaifunika mashine yake kwa kitambaa, akampa Shangazi ufunguo wa kabati, akaondoka na shemeji yake. Nyuma yao walifuata Dokta na Wembe, wameshika shingo. Kopo lilikwenda nao kuteketezwa. Nilibaki na Shangazi na vikombe, akivichemsha kimoja kimoja, na lile tambara lake la kufutia vikombe akalitia motoni.

Siku ya nne tulipokwenda wodini tulimkuta Sindano amekaa kitandani amevaa viatu. Maumivu hayakuwepo tena, alisema, kidole kimepungua, mashati yanamsubiri, anakwenda zake nyumbani. Nesi alikuwa wodi nyingine. Dokta akatembea polepole mpaka mlangoni, akasimama katikati, akatoa filimbi mfukoni.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "hakutoka mtu getini kwangu bila karatasi."

"Dokta, wewe ndiye uliyenifundisha kuacha ukipata nafuu!"

"Ndiyo. Sasa rudi kitandani."

Sindano akaingiza mguu mlangoni. Dokta akapuliza. Wodi nzima iliamka, wauguzi watatu wakaja mbio, na Sindano akavuliwa viatu, viatu vikafungiwa kabatini. Nadhani hiyo ndiyo tiba pekee ambayo Dokta amewahi kumpa mtu ikafanya kazi.

Yeye na Wembe nao walipewa dawa zao, na Shangazi akatangaza kwamba watazimeza mbele yake, asubuhi na jioni, la sivyo kahawa hakuna. Siku Dokta alipomeza ya mwisho aliigeuza bahasha yake ya dawa juu chini tuone kwamba haina kitu.

"Mlafi!" Shangazi akapiga kelele, na tukampigia makofi.

Siku ya kumi na moja Sindano akarudi. Tulimzunguka wote akifunua mashine. Kidole kilikuwa chembamba, chekundu kidogo, na kovu pande zote mbili. Akachukua uzi, akautia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu, akaweka kola ya Dokta chini ya mguu wa mashine, akaisukuma kwa kidole gumba. Mashine ikalia. Shangazi alifuta macho kwa ncha ya kanga akasingizia moshi wa jiko.

Alishona kola mbili ndipo akainua kichwa, akaniangalia kiunoni.

"Gundi, simama."

Nikasimama.

"Geuka."

"Kuna nini?"

"Mfuko huo nimeushona mimi. Naujua unavyolala ukiwa mtupu."

"Ni misumari ya viatu."

"Misumari yako unaiweka mdomoni."

Akaninyooshea mkono wa kulia, kiganja wazi, kile kidole gumba kimesimama mbele ya uso wangu. Wembe akaacha kunyoa, mteja wake naye akageuka kutazama, nusu ya kichwa bado ina nywele. Nikatia mkono mfukoni. Nikavitoa, vitatu, bluu na nyeupe, nikaviweka kwenye kiganja chake.

"Na vya kwenye soksi," akasema Shangazi, huku akimimina kahawa.