Makopo Saba Meupe

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Nyumba Inayopendeza",

Salamu zikufikie ukiwa umekaa, maana ninayoleta si mambo ya kusikiliza ukiwa wima. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, bibi wa wajukuu wawili na mjane wa seremala. Nimekula chumvi nyingi kuliko wewe, hata kama una mvi. Barua hii naisema kwa mdomo wangu, na anayeiandika ni fundi cherehani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye mwandiko mzuri na kifua cha kutunza siri. Nimemwambia nguo apunguze, neno asiguse.

Nalalamikia ukurasa wako wa mwezi uliopita, ule unaosema kwamba jiko la zamani lililotunzwa vizuri linaweza kuvishwa upya bila kubomolewa. Mke wa mwanangu aliusoma, akaukata kwa mkasi, akaubandika kwenye friji. Mimi nilipouona pale nilidhani ni kalenda. Nikapita.

Kisha nikaenda kumuuguza dada yangu siku nne. Niliporudi, mwanangu alinipokea mlangoni, akaniziba macho kwa viganja vyake, akaniongoza hadi jikoni kama anayeswaga mbuzi mzee, akasema, "Fumbua, Mama." Nikafumbua. Nikauliza jiko langu liko wapi.

Malalamiko yangu nayataja kwa namba, kwa sababu fundi ananiambia watu wa ofisini hawaoni jambo lisilo na namba.

1. Makabati. Marehemu aliyatengeneza kwa mkono wake mwaka tuliohamia, mbao ngumu, rangi ya kijani. Kila Jumamosi nimeyafuta kwa maji ya sabuni, na mpaka leo hakuna mlango unaolia. Ukurasa wako ukasema rangi ya maziwa hulifanya jiko lipumue. Jiko langu lilikuwa linapumua, Ndugu Mhariri. Lina dirisha. Sasa milango yote ni ya maziwa, nami nikiingia asubuhi najikuta nakunja mkono wa gauni, nasubiri kuitwa nikapimwe damu.

2. Vishikio. Hapa pana uchungu. Marehemu hakununua kishikio hata kimoja. Alitumia vilivyobaki kazini. Droo ya vijiko ilikuwa na kishikio cha kabati la nguo, cha mviringo. Mlango wa masufuria ulikuwa na pete ya shaba. Droo ya visu ilikuwa na kishikio cha jeneza, kilichobaki baada ya mgonjwa aliyeagiziwa jeneza kupona. Mgonjwa mwenyewe yu hai, na akija kututembelea lazima apite jikoni akishike, amshukuru Mungu. Mkono wangu ulijua njia gizani na mchana. Sasa vyote kumi na moja ni vyuma vyembamba vinavyofanana kama askari kwenye gwaride. Nikitaka kijiko napata kisu. Na yule mzee aliyepona alikuja juzi, akapapasa droo kwa muda mrefu, akaondoka bila kuaga.

3. Vigae vya kubandika. Ukutani nilikuwa na mistari yangu ya mkaa, mmoja kwa kila wiki ya mtungi wa gesi. Nikifika wa sita najua mwisho umekaribia. Wamekuja na vigae vyenye maua, wameifunika. Gesi imekatika maharagwe yakiwa nusu, yaani si ya kula wala si ya kupanda.

4. La nne nimelisahau. Fundi anasema tusiache pengo, basi nne iwe taa. Wameweka taa ndogo chini ya makabati. Zinamulika mikono tu. Mpishi sasa hana uso.

5. Makopo. Ndugu Mhariri, sogea karibu, na kama kuna mtu nyuma yako mwambie atoke.

Mimi nilikuwa na makopo yangu. Kopo lenye picha ya mtoto mnene lilikuwa la sukari. Kopo la jogoo, chumvi. La tarumbeta, majani ya chai. Lile lililobonyea ubavuni, bizari. Ukurasa wako ukashauri yote yatupwe, yaje makopo meupe yanayolingana, "yenye maandishi ya kuvutia." Yamekuja saba. Yamepangwa mstari mmoja. Na maandishi yanavutia kweli, sikatai, yamepinda kama mizabibu. Tatizo ni kwamba mimi sijui kusoma.

Siri hii ilikuwa ya watu watatu: mimi, marehemu na fundi cherehani. Sasa na wewe umo. Sikupelekwa shule, kaka zangu walipelekwa, mimi nikapewa ndoo. Mwanangu hajui. Alipokuwa mdogo nilikagua madaftari yake kila jioni, nimeshika kalamu nyekundu. Ukurasa safi niliutia alama ya vema. Ukurasa uliofutwafutwa nilimwambia arudie, asinichezee. Akawa wa tatu darasani. Leo ni mhandisi wa maji na anawaambia watu kwamba mwalimu wake wa kwanza ni mama yake. Barua ikija, miwani yangu hupotea. Miwani yenyewe ni ya kioo kitupu, niliichagua sokoni kwa sababu ilinipendeza.

Utasema, bibi, si umwambie tu. Uongo wa miaka thelathini ni kama kabati ambalo marehemu alilijengea ndani ya chumba: likishakamilika, halitoki tena mlangoni.

6. Chai. Jumapili ya kwanza baada ya ukarabati wako, alikuja mkuu wa kazi wa mwanangu pamoja na mkewe. Mke akataka kuona jiko jipya. Akaja akasimama karibu yangu, anasifu taa, anasifu vigae, macho yake mikononi mwangu. Utaniuliza kwa nini sikuonja. Nionje mbele ya mgeni, jikoni kwangu, kuhakikisha sukari ni sukari? Mwenye nyumba haulizi njia ya chooni. Nikachagua kopo kwa ujasiri, nikatia vijiko vitano kwenye birika, nikakoroga.

Ilikuwa chumvi. Mkuu wa kazi ni mtu aliyelelewa vizuri: alimaliza kikombe chote, jasho likimtoka, akasema chai ile ina ladha ya kipekee. Mkewe alimwagia chake kwenye ua la chungu. Ua limekufa, na hilo nalo liandikwe upande wako.

7. Kupumzika. Usiku ule nilimsikia mwanangu akimwambia mkewe kwamba Mama amechoka, kwamba akili za wazee huanza kuondoka hivihivi, kwa kuchanganya vitu. Asubuhi akanikalisha kwenye kochi, akanishika mikono. "Mama, umetupikia vya kutosha," akasema. "Mwisho wa mwezi tunaleta msaidizi. Wewe upumzike."

Kupumzika! Kisu kikipumzika hushika kutu. Nimempikia baba yake mpaka siku ile aliyolishwa uji kwa kijiko, na uji ule niliupika mimi. Nikitolewa jikoni nitakaa wapi, Ndugu Mhariri, kwenye kochi nikitazama watu wakipika kwenye televisheni? Na ubaya ni kwamba sina pa kushika. Nikisema akili zangu ni nzima, nitaulizwa basi chumvi ilifikaje. Nimebaki kuchagua kati ya kuitwa mjinga na kuitwa kichaa, na nimechagua kichaa, kwa sababu kichaa angalau anaheshimika kidogo.

8. Mke wa mwanangu. Huyu nampenda, liandikwe hilo kwanza. Ana diploma, ana mdomo mdogo na moyo mpana. Lakini ukurasa wako umemharibu. Tangu Jumapili ile ya chumvi anaongea na makopo. Asubuhi, mwanangu akishaondoka, mimi nikiwa kwenye kigoda changu nachambua mchele, yeye huyashusha yote saba, huyafuta vumbi ambalo halipo, na kila moja hupitisha kidole chini ya maandishi, polepole, akisema kama anayeimba: "Suu-kaa-ri. Chuu-mvi." Akimaliza la bizari hurudia tena kuanzia mwanzo. Hanitazami hata kidogo. Kisha huyarudisha, lakini kila siku kwa mpangilio mwingine, halafu ananiuliza kama nimelala vizuri. Wiki ya pili sasa. Mwanangu anasema mimi ndiye ninayepoteza akili, wakati mkewe anayasomesha mabati. Na wimbo ule umenikaa kichwani, nikioga nauimba.

Kwa hayo yote, nadai yafuatayo.

Kwanza, uje na bisibisi yako uvirudishe vishikio vya marehemu, kila kimoja mahali pake. Viko ndani ya boksi chini ya kitanda changu; nilivitoa kwenye pipa la taka mwenyewe, nikiwa bado na nguo za safari.

Pili, ukwangue rangi ya maziwa mpaka kijani kionekane. Nitakukagua.

Tatu, kama una shughuli nyingi na huwezi hayo, basi uhamie kwetu. Nitakupa godoro zuri. Kazi yako itakuwa kukaa jikoni kila siku kuanzia alfajiri na kunisomea makopo kwa sauti ya chini. Wageni wakiwepo utakohoa: mara moja chumvi, mara mbili sukari. Kwa bizari utapiga chafya. Ukizeeka, atakuja mwanao.

Nne, ipitishwe sheria kwamba jiko lililomzidi umri mke wa mwana liamkiwe kwanza kabla ya kuguswa, kama mzee mwingine yeyote.

Tano, barua hii usiichapishe kwenye ukurasa wako wa majiko, kwa sababu mke wa mwanangu huusoma mpaka jina la mpiga picha. Ukilazimika, iweke kwenye matangazo ya zabuni. Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kuyafungua.

Nisalimie mkeo, nisalimie mama yako, na umwulize jikoni kwake kuna nini. Wasalimie wapiga chapa na anayewapikia chai. Aliyebuni makopo meupe usimsalimie, huyo tutakutana. Fundi cherehani anakusalimu pia, na anasema kama shati lako lina kola iliyochakaa anaweza kuigeuza.

Ni mimi, mwenye jiko, asiyependa ugomvi ila akiuanza anaumaliza.

Nyongeza. Ndugu Mhariri, barua ilikaa kwa fundi siku tatu ikingoja stempu, na katika siku hizo tatu mambo yamegeuka.

Jana mkuu wa kazi alirudi na mkewe. Yule mama, kwa ujasiri ambao sikuutegemea, akasema atakunywa chai yangu. Mwanangu alisimama haraka akataka kuniwahi jikoni. Mke wa mwanangu akamvuta shati, akamkalisha, akaja yeye na yule mama mgeni nyuma yangu. Makopo yalikuwa yamebadilishwa tena, la mwisho limekuwa la kwanza. Maji yakachemka. Nikayatazama yale maandishi yaliyopinda kama mizabibu, na Ndugu Mhariri, wimbo ukaanza wenyewe kichwani. Kidole kikaenda. Nikashusha kopo la tano, nikatia vijiko vitano, sikuonja.

Nilipogeuka, mke wa mwanangu alikuwa anatazama dari, na midomo yake inatembea bila sauti: suu-kaa-ri.

Chai ilikuwa tamu mpaka mkuu wa kazi akaomba kikombe cha pili, na safari hii hakutokwa na jasho. Mwanangu ameacha habari za msaidizi. Anasema kumbe ulikuwa uchovu wa safari. Wageni walipoondoka nilibaki na mkewe tukiosha vikombe. Tukafika kisahani cha mwisho. Ndipo akasema, "Mama, kesho tuandike na droo?"

Nikamwambia aandike kubwa, miwani yangu ni mibovu.

Kwa hiyo futa namba moja mpaka nane, makopo yasiguswe, na wewe kaa kwako. Ila kile kishikio cha jeneza bado nakitaka mahali pake, kwa ajili ya yule mzee. Barua usiipeleke kwenye zabuni tena. Ichape kwenye ukurasa wa majiko, juu kabisa, herufi nene. Mwanangu ukurasa huo haufungui kamwe, na huyo mwingine nataka ausome akiwa peke yake. Na mwezi ujao andika kuhusu bafu, maana maneno ya jikoni yanakaribia kuniishia.

Fundi alinipa wino nitie dole gumba. Nimeukataa. Jina langu halijafika kwenye kopo lolote, basi nimetia saini kwa mkono wangu, kwa neno ambalo sitalikosea tena:

CHUMVI