Jinsi Kanze wa Tiwi Alivyoliteka Baraza

Sikieni, enyi mlioketi. Na ninyi mliosimama sikieni zaidi, kwa maana habari hii ni yenu. Wengine wamesimulia vita vya wafalme na mizinga iliyonguruma baharini. Hapa hakuna mizinga. Hapa pana goti moja lililoasi, filimbi moja isiyo na adabu, na jiwe lililopakwa chokaa, refu kama watu wanne waliokaa, kimo chake kama kiti. Na kwa ajili ya jiwe hilo wanawake kumi na mmoja wa kanisa la Tiwi walivuka maji ya Likoni asubuhi ya Jumamosi, wamevaa leso za sare, wasijue kwamba wanaingia katika historia.

Mbele yao wote alikuwa Kanze binti Ngala, mkuna nazi asiyechoka, mama wa sita na bibi wa kumi na tisa, mwanamke aliyewahi kumtoa nyani jikoni kwake kwa mwiko na maneno makali tu. Ubavuni pake alikuwa Munee, mjane wa Kitonga, aliyekuja kutoka Ukambani akiwa bi arusi, akapewa shamba lililopakana na la Kanze. Na kwa miaka thelathini na miwili wawili hao wametenganishwa na ua wa mnyaa ambao mbuzi wao hawakuutambua kamwe.

Marehemu Kitonga alikuwa mchoma chokaa. Alichoma mawe ya matumbawe pale Tiwi, akatia chokaa katika magunia, na magunia yakavushwa hadi Mji wa Kale wa Mombasa kwenda kupakwa kwenye kuta za wenye ghorofa. Kila aliporudi alimwambia mkewe, "Siku moja nitakupeleka ukazione nyumba zinazokula chokaa yangu." Siku hiyo haikufika. Kitonga alikwenda na ahadi yake kaburini. Kwa hiyo akina mama walipokubaliana kwenda kutembezwa Mji wa Kale, wakaonyeshwe majengo yake, Munee alikuwa wa kwanza kuandikisha jina, ijapokuwa goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu Pasaka, likawa kama papai.

"Mwenzangu," Kanze alimwambia, "utaziona mpaka ya mwisho. Nikishindwa kukufikisha, usinipe tena moto wa jikoni." Na kwa majirani wale hapakuwa na kiapo kikubwa kuliko hicho.

Sasa, ewe ulimi, jikaze, maana ni lazima adui atajwe.

Aliitwa Japheth, mwongozaji wa watalii, aliyetoka bara akashukia Ukunda, akajifunza katika hoteli za Diani kwamba mtu akisema haraka na kwa sauti kubwa huonekana anajua. Mkononi alibeba mkuki wake, ufito wa chuma wenye kitambaa cha manjano. Kiunoni alifunga kipaza sauti kidogo kilichokoroma kama kondoo mwenye mafua. Shingoni, ole wetu, palining'inia filimbi. Kwa miaka saba alikuwa amewapitisha watu katika vichochoro vile, na alijua umri wa kila mlango. Wenye milango hakumjua hata mmoja.

"Wamama, wamama! Tusonge!" akanguruma. "Hapa sasa ndiyo Old Town yenyewe. Rule ni moja tu: mnaangalia na macho, hamguzi na mikono."

"Asante, Japheth!" akajibu Beryl, mwenyekiti wa akina mama, ambaye tangu kwenye feri alikuwa hajautazama ulimwengu ila kupitia simu yake.

Jeshi likasonga. Jua la Mombasa likawapiga kutoka juu, na mawe yakawapiga kutoka chini. Wakaonyeshwa roshani na kuambiwa mbao zake zilitoka wapi. Wakaonyeshwa dirisha, wakaambiwa nani aliwahi kuchungulia. Katika kichochoro chembamba kuliko vyote, msukuma mkokoteni wa samaki alisimama na mzigo wake, barafu ikimyeyukia miguuni, akamngoja Munee apite hatua kwa hatua, wala hakusema "haraka, mama." Jina lake hatukulipata. Jina la mwenye filimbi tumelipata. Hivyo ndivyo historia inavyogawa vibaya.

Katika nyumba ya tano goti la Munee likatangaza uasi. Mbele yake palikuwa na baraza zuri, lililong'aa kwa makalio ya vizazi. Akaliinamia.

*Prrriii!*

"Shosho! Hapo haikaliwi! Hiyo ni heritage."

Munee akainuka, akalitazama jiwe. "Lakini ni benchi, mwanangu."

"Ilikuwa benchi, zamani. Sasa ni heritage."

Kanze akameza mate na hasira pamoja, maana alikuwa mgeni, na mgeni humeza. Katika nyumba ya nane Munee alijaribu ngazi, ngazi moja tu, ya chini kabisa. Filimbi ikalia tena. Muuza kahawa aliyekuwa akipita na birika lake akaona, akasuuza kikombe mara mbili, akampa Munee maji ya kunywa, akakataa kushukuriwa. Filimbi ikamfukuza naye pia.

Ndipo wakafika mbele ya nyumba ya kumi, mahali pa pambano kuu.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, kuta zake zimebanduka hapa na pale, na mlango wake mkubwa ulikuwa na nakshi za maua na mnyororo, na misumari ya shaba iliyochomoza kama maziwa ya mbwa anyonyeshaye. Kandokando ya mlango, kulia na kushoto, yalikaa mabaraza mawili. Japheth akasimika ufito wake, akapanda juu ya moja kwa viatu vyake, yeye mlinzi wa urithi, akavuta pumzi.

"Mlango huu," akasema, "una miaka mia tatu! Mia tatu, wamama! Ulichongwa na mtu asiyejulikana, kwa ajili ya tajiri asiyejulikana!"

"Ala!" wakasema akina mama. Beryl akapiga picha ishirini.

Munee hakusema "ala." Goti lilikuwa limekwisha kujisalimisha. Akauegemea ukuta, macho ameyafumba, na jasho likamshuka hadi kidevuni.

*Prrriii!* "Usiegemee ukuta! Shosho, si urudi kwa gari? Tunachelewa. Zimebaki nyumba kumi na mbili."

"Si vibaya, Mama Munee," Beryl akasema kwa upole wa mtu anayetazama saa. "Nitakutumia picha zote."

"Nitarudi garini, Kanze," Munee akanong'ona. "Nimeziona kwa nje. Yatosha. Hata Kitonga mwenyewe alikuwa akiishia mlangoni."

Akageuka kwenda, akiburura mguu. Na Kanze akauona mgongo ule, mgongo uliochimba naye mihogo miaka ya njaa, uliombebea mwanawe hadi hospitali ya Msambweni usiku wa homa. Akaukumbuka moto wa jikoni na kiapo chake. Basi akakaza leso kiunoni, akajitokeza mbele ya jeshi, akahutubu.

"Japheth mwanangu! Tangu asubuhi umetuhesabia misumari ya milango ya watu. Umetwambia umri wa kila ubao. Lakini sijakusikia ukibisha hata mmoja! Tumepita vibarazani mwa wenyewe kama kuku wanaotafuta kumbikumbi, hatukusalimu, hatukuomba radhi. Kwetu hata mtu anayekuja kuomba chumvi hupiga hodi. Asiyepiga hodi ni mwizi na mbuzi."

"Mama, relax," Japheth akajibu kutoka juu ya baraza. "Hii nyumba haina mtu. Wenyewe walihama kitambo sana. Hii ni ya kuonyesha tu."

Tone la maji likaanguka, *to*, juu ya kofia yake. Wote wakainua macho. Dirishani, kwenye kamba, ilining'inia kanga mbichi ya bluu, ikichuruzika.

"Na kanga hiyo," akauliza Kanze, "kaifua nani? Tajiri asiyejulikana?"

Akina mama wakacheka, na kicheko kile kilikuwa mshale wa kwanza kumpata adui. Lakini vita havikuwa vimekwisha. Kanze akaukabili mlango. Nanyi mnaijua sheria, ni ya kale kuliko misumari yote: hodi ni tatu. Ukinyamaziwa mara ya tatu, unageuka na kwenda zako, wala hulalamiki. Kanze angegeuka, na Munee angerudi garini, na filimbi ingekuwa imeshinda.

"Hodi!" akaita Kanze.

Kimya. Japheth akatabasamu.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Kanga ikadondosha tone jingine. Japheth akaitazama saa yake ili kila mtu amwone anavyoitazama.

Kanze akamtazama Munee, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Akajaza kifua pumzi yote ya shamba la Tiwi, akasema, si kwa ukali, bali kwa adabu ndefu, kama mtu anayeweka yai juu ya jiwe, "Hodi, mwenye nyumba. Sabalkheri. Tu wageni wako."

Ndani, mbali, kikasikika kitu kikiwekwa chini. Kisha ndara zikajiburura.

"Karibuni, karibuni! Nani wenzangu?"

Mlango wa miaka mia tatu ukafunguka, ukalia kidogo, na akatokea Bi Mwanakombo, mdogo kama kunguru, miwani yake imefungwa kwa uzi, ungo wa mchele ungali kwapani.

"Shikamoo, Bi," Kanze akasema, akiinamisha kichwa.

"Marahaba, mwanangu."

"Ni Kanze wa Tiwi. Mwenzangu ana goti bovu. Tunaomba ruhusa yako akae barazani."

Bi Mwanakombo akamtazama Munee, akalitazama baraza, akamtazama Japheth na viatu vyake.

"Ruhusa ya kukaa barazani? Na mlidhani baraza limejengwa lipandwe? We, bwana, shuka!"

Na Japheth, mkuu wa ufito, bwana wa filimbi, akashuka.

"Miaka saba namsikia kijana huyu hapa nje," Bi Mwanakombo akawaambia wanawake, kana kwamba mwenyewe hakuwepo. "Sioni vizuri, lakini nasikia: mia tatu, mia tatu, mia tatu. Nikadhani auza dawa ya panya."

"Bibi, ni mlango," Japheth akasema, sauti yake sasa ndogo, maana kipaza sauti kilikuwa kimekoma chenyewe. "Una miaka mia tatu."

"Huu? Huu umechongwa mwaka niliopasuliwa mtoto wa jicho. Ule wa kale uliliwa na mchwa, ukaanguka ukamvunja paka mkia. Fundi wa huu yu hai, ana pikipiki."

Hapo hata Beryl akaishusha simu.

Basi Bi Mwanakombo akaingia, akatoka na mto, akaupiga vumbi mara tatu, akaulaza juu ya jiwe. Kanze akashika mkono wa kuume, mwenye nyumba akashika wa kushoto, na taratibu, kama bendera inavyoshushwa jioni mbele ya wakuu, Munee mjane wa Kitonga akateremka, akateremka, hata kiuno chake kikakutana na baraza. Akashusha pumzi. Goti likaweka silaha chini.

Mwenye nyumba akawaletea kahawa, na walipokwisha kuinywa, Munee akaugeuzia ukuta uso wake. Mahali pale rangi ilikuwa imebanduka, na chini yake pakaonekana weupe wa zamani, mgumu, wenye vipande vya kombe. Akaupapasa kwa kidole.

"Hiyo chokaa ya Tiwi," Bi Mwanakombo akasema. "Mtaa huu wote. Ndiyo iliyosalia, saruji ya siku hizi haidumu. Wachomaji walikuwa wakiileta mpaka hapa mlangoni. Mama mkwe wangu aliwapa maji, wakakaa hapo hapo ulipokaa."

"Walikaa?" akauliza Munee.

"Wangesimama kwa nini? Walikuwa wamechoka."

Munee akaweka kiganja chake chote juu ya weupe ule, akakiacha. "Alikuwa akirudi na nyusi nyeupe," akasema. "Nilimnawisha kwa mafuta ya nazi." Na Kanze akatazama upande mwingine, akasumbuka sana na fundo la leso yake.

Mwisho wa adui unasimuliwa kwa ufupi, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mfupi siku ile. Alisimama juani peke yake, wanawake wote wameketi, mabarazani na kizingitini. Akakohoa. Akavua kofia iliyolowa.

"Hodi," akasema Japheth.

Bi Mwanakombo akaendelea kuchagua mchele. Alimwacha abishe mpaka hodi ya tatu.

Basi waandike wanaoandika, na mawe yakumbuke: kwamba Jumamosi ile, saa nne na robo, Kanze binti Ngala aliliteka baraza pasipo kumwaga damu, na nyumba kumi na mbili zilizosalia hazikuonwa na mtu. Na Beryl alipomwinamia Munee na kumwuliza, kwa heshima mpya, kama sasa yuko tayari kuendelea na safari, Munee hakuutoa mkono wake ukutani.

"Endeleeni, wanangu," akasema. "Mimi nimefika."