Kisanduku Chini ya Kinanda

Jumatatu, 9 Juni
Nimekwisha. Baada ya misa ya asubuhi Mama Redempta, mwenyekiti wa kwaya, katangaza kwamba Jumapili ya Kipaimara tutaimba wimbo mpya wa jimbo. Akaniuliza kama kinanda kiko tayari. Nikasema tayari. Uongo! Miaka miwili sijapiga kinanda. Kinajipiga. Chini yake, nyuma ya pazia kuukuu, nimeficha kisanduku cheusi kinachosoma faili za MIDI, yaani nyimbo zilizopangwa kwa kompyuta, na kukiamuru kipige noti gani. Mimi napepesa vidole tu na kufumba macho penye utamu. Watu husema nina karama. Wimbo mpya hauna faili la MIDI.

Jumanne, 10 Juni
Nimesoma tena kijitabu cha kisanduku. Kumbe kinacheza hata faili za sauti! Chochote kilichorekodiwa, ukiweka kwenye flashi, kinatoka kwenye spika. Nimeokoka! Ninachohitaji ni mtu anayepiga kweli. Naye ni Marselino, mpiga kinanda wa kanisa la Chala, aliyewahi kuniuliza mbele ya watu kwa nini vidole vyangu huchelewa kuliko muziki. Namwogopa kuliko nyoka.

Jumatano, 11 Juni
Basi mpaka Chala. Nyumbani nimeaga kwamba nafuata mbegu za ulezi. Kanisani hapakuwa na mtu ila mama mmoja akifagia. Nikamwamkia, nikaacha simu ikirekodi nyuma ya spika, nikakimbilia nyuma ya choo. Nusu saa kwenye upepo ule! Marselino akaja, akapiga wimbo mpya mara mbili, vizuri mpaka nikamchukia. Alipoondoka nikachukua simu. Hajaniona hata kidogo.

Ijumaa, 13 Juni
Mazoezi. Nilikuwa nimeitia rekodi kwenye flashi, nimekata ukimya wa mwanzo na kusikiliza kidogo tu, Mama Redempta alipoingia, nikazima kwa hofu. Balaa jingine: sauti iko juu mno kwa waimbaji. Faili la MIDI hushuka kwa kubonyeza mara mbili. La sauti halishuki ng'o. Mama Redempta kaomba nishushe. Nimemwambia jimbo limekataza. Zita wa sauti ya kwanza kakauka koo. Wimbo ulipoisha nikazima kisanduku kwa kidole gumba cha mguu. Safi!

Jumapili, 15 Juni
Niandike yote kama yalivyokuwa.

Kanisa limejaa, askofu yupo. Baridi ya Juni, mimi natiririka jasho. Wakati wa matoleo tukaanza. Kwaya ikapaa, nikafumba macho. Wimbo ukaisha. Nikatafuta kitufe kwa mguu. Viatu vya ngozi! Sihisi kitu. Nikakanyaga, nikakanyaga. Ndipo spika zote za kanisa zikasema kwa sauti ya Marselino:

"Mama, yule Yusto wa Sumbawanga kajificha nyuma ya choo. Nimemwona kupitia dirisha."

"Anaumwa?" akauliza yule mama mfagiaji wa Chala.

"Hapana. Anataka kujua wimbo unapigwaje, anaona aibu kuniuliza. Ngoja nipige tena, polepole, asikie vizuri."

Na kinanda kikaanza upya, mimi nimeinua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Askofu akaniangalia. Wenye kuku wa matoleo wakasimama njiani. Mama Redempta akavuta pazia.

Jumanne, 17 Juni
Nimeitwa kwa padre. Nimetembea polepole kadiri ya uwezo wangu; nimefika tu. Nikamwambia shikamoo mara tatu. Nilitegemea kufukuzwa. Akasema kisanduku kitakaa kabatini kwake, na Marselino amekubali kunifundisha, maana mtu anayevumilia nusu saa nyuma ya choo ana moyo wa kujifunza. Karibu nilie. Mama Redempta, aliyekaa pembeni, akasema yeye angechagua kufukuza.

Jumamosi, 21 Juni
Somo la kwanza. Marselino mpole ajabu, jambo linalonitisha zaidi. Vidole vitano, noti tano, kupanda na kushuka. Vyangu havisikii. Kaniagiza nifanye zoezi kila siku peke yangu na kumtumia sauti kwa WhatsApp, asikie maendeleo. Kila siku! Atajua sijui lolote!

Kisha nikatulia. Alipokuwa akinionyesha zoezi, simu yangu ilikuwa mfukoni, inarekodi. Safari hii nimesikiliza mpaka mwisho na nimekata maneno yote. Kosa langu lilikuwa hilo tu. Ya kesho nimeshaitayarisha. Nimekohoa kidogo katikati, ajue ni mimi.